Jinsi ya kupima kama programu ya mwaliko inakulipa kwa haki

Kabla hujabandika linki yako ya mwaliko kwenye status, kwenye grupu la WhatsApp au chini ya video yako, tafuta kwanza jedwali la viwango vya nchi. Programu nyingi zinazolipa kiasi maalumu kwa kila mtu unayemleta zinalo. Mara nyingine liko wazi ukurasa wa mbele, mara nyingi limezama ndani ya vigezo na masharti, chini ya kichwa kama "makundi ya nchi". Humo utakuta Marekani, Kanada, Uingereza na Australia ziko kundi la kwanza, sehemu ya Ulaya iko la pili, na sisi tuko mwisho kabisa, aghalabu bila hata kutajwa jina: "nchi nyingine zote".

Mimi nafundisha wenye biashara ndogo za utalii hapa Moshi kutengeneza tovuti zao wenyewe. Wanafunzi wangu ni wenye nyumba za wageni za Marangu na Machame, waongozaji wa mlimani walioamua kujitegemea, na akina mama wanaopikia wageni na kuwauzia kahawa ya shambani. Kila mmoja wao lazima anunue jina la tovuti na mahali pa kuihifadhi, na kampuni nyingi zinazouza huduma hizo humlipa aliyemleta mteja. Kwa hiyo mwaliko kwangu ni kipato, na suala la ujira kupangwa kwa nchi linanigusa moja kwa moja. Msimamo wangu nauweka mapema: mteja wangu akilipa bei ileile anayolipa mteja wa Texas, kwa huduma ileile, na mimi nilipwe kilekile anacholipwa aliyemleta huyo wa Texas. Tofauti ikiwepo, kampuni ieleze imetoka wapi. Mwongozo huu ni wa kukusaidia kujua kama maelezo hayo yapo, na la kufanya ukikuta hayapo.

Anza na swali la nchi ya nani

Watu wengi wakiona jedwali hukimbilia namba. Usianze na namba. Angalia kwanza nchi inayohesabiwa ni ya nani: ya kwako wewe unayealika, au ya yule unayemwalika?

Ikiwa ni nchi ya mwalikwa, kuna hoja ya biashara inayoweza kujadiliwa, na tutaijadili. Ikiwa ni nchi yako wewe mwalikaji, hoja hiyo haipo. Tuseme uko Mwanza, umeandika maelezo mazuri ya jinsi ya kufungua duka la mtandaoni, akayasoma Mtanzania anayeishi Berlin, akabofya linki yako na kulipa kwa euro. Kampuni imepata mteja wa Ujerumani. Ikikulipa kiwango cha Tanzania kwa sababu akaunti yako imesajiliwa Tanzania, imechukua thamani ya kazi yako na kukuachia makombo. Katika masharti, sentensi ya kutafuta ni ile inayosema kiwango kinategemea "nchi ya akaunti ya mshirika" au "mahali mshirika alipojisajili" (mshirika ni wewe unayealika). Mimi nikiikuta hiyo siendelei kusoma, naandika barua moja ya kuuliza, na nisipojibiwa naachana nayo. Hilo ndilo jambo pekee katika mwongozo huu ambalo sina subira nalo.

Ukishajua ni nchi ya nani, uliza inatambuliwaje. Njia za kawaida ni nne: anwani ya IP ya aliyebofya (namba inayotambulisha intaneti anayotumia), namba ya simu aliyojisajili nayo, kadi aliyolipia, au nchi ya duka la programu kwenye simu yake. Kila moja inaweza kumhamisha mtu kutoka nchi moja kwenda nyingine bila yeye kujua, na kila kosa linagusa hela yako.

Chukua IP. Ndugu yako akiwa Muscat na laini yake ya Tanzania kwenye roaming, intaneti yake kwa kawaida hurudi kupitia mtandao wa nyumbani, hivyo huonekana yuko Tanzania; akiwasha Wi-Fi ya kazini, hapohapo anakuwa Oman. Anayetumia Opera Mini, kurasa zake hupitia kwanza kwenye seva za Opera, na mfumo usiosoma anwani halisi inayotumwa pamoja nazo unaweza kumhesabu yuko Ulaya. Hapa Tanzania kuna jambo jingine zaidi. Mtandao wa X ulipofungwa Mei 2025, waliotaka kuendelea kuusoma waliingia kwa VPN, yaani programu inayopitisha intaneti yako kwenye seva ya nchi nyingine, kwa hiyo aliyebofya linki yako kutoka X akiwa Kariakoo anaweza kuonekana yuko Amsterdam. Mfumo wa kampuni hauoni mteja wa Uholanzi, unaona VPN, na VPN nyingi kwenye akaunti moja huwasha taa nyekundu ya udanganyifu. Ukiwa mshirika wa Tanzania na wafuasi wako wengi wako X, ulizia mapema wanavyochukulia mibofyo ya VPN, tena ulizia kwa maandishi.

Kadi nayo ina mambo yake. Baadhi ya kadi pepe za dola (kadi za namba tu, zisizo na plastiki) ambazo watu wetu hufungua kwenye programu za simu zimetolewa na benki za Marekani, kwa hiyo tarakimu zake za mwanzo husema Marekani ingawa mwenye kadi yuko Dodoma. Programu inayotambua nchi kwa kadi itamweka huyo kundi la kwanza. Inayotambua kwa IP itamweka la mwisho. Inayotaka vyote viwili vikubaliane inaweza kumfuta kabisa na wewe usilipwe chochote. Ndiyo maana nasisitiza kuuliza. Jibu lao lihifadhi, utalihitaji siku ya ubishi.

Piga hesabu ya hela inayofika, usiishie kwenye kiwango

Sasa kaa na kalamu. Nitakupa mfano wa jedwali kama niliokutana nao kwenye kampuni moja ya kuhifadhi tovuti. Huduma ya mwaka ni dola 72, bei moja dunia nzima. Ukileta mteja wa kundi la kwanza unapata dola 50. Kundi la pili, dola 25. Nchi nyingine zote, dola 5. Kima cha chini cha kutoa ni dola 100. Makato ya kuhamisha ni dola 15 kila unapotoa. Salio ambalo halijafikia kima baada ya miezi 12 linafutwa.

Ukiangalia haraka utasema tofauti ni mara kumi, yaani 50 dhidi ya 5. Ni kweli lakini haijaisha. Chukua washirika wawili, kila mmoja ameleta wateja wanane kwa mwaka, wote wamelipa dola 72. Wa kundi la kwanza ana dola 400. Akitoa mara moja anabakiwa na 385. Wa kundi la mwisho ana dola 40. Hajafika 100, mwaka umekwisha, salio limefutwa. Kazi ni ileile, wateja ni walewale wanane, kampuni imepokea dola 576 kutoka kila upande, na mmoja ameondoka na 385 huku mwenzake akiondoka mikono mitupu.

Hapo ndipo ninapotaka utulie. Kiwango kimepangwa kwa nchi, lakini kima cha chini cha kutoa hakikupangwa kwa nchi. Makato hayakupangwa kwa nchi. Muda wa salio kufutwa haukupangwa kwa nchi. Kampuni imekuwa na mizani mbili wakati wa kulipa na mizani moja wakati wa kukata. Hata anayekubali kabisa kwamba Tanzania ilipwe dola 5 hawezi kutetea kima cha dola 100 kwa mtu huyohuyo, maana anahitaji wateja ishirini ili aguse hela ambayo mwenzake anaigusa akiwa na wawili. Kwa hiyo unapopima programu, andika mambo matano kwenye daftari: kiwango chako, kima cha kutoa, makato ya kutoa, muda wa salio kufutwa, na idadi ya wateja unaotegemea kuleta kwa mwaka bila kujidanganya. Halafu tafuta jibu la swali moja: mwisho wa mwaka nitakuwa na shilingi ngapi kwenye simu au benki? Jibu likiwa sifuri, hiyo linki isibandikwe.

Ongeza na njia ya malipo. Programu inayolipa kwa PayPal peke yake ni mzigo kwa aliyeko Tanzania, kwa sababu PayPal kwetu imekuwa ya kulipia, si ya kupokelea. Kenya hali ni nafuu, wao wanaweza kupokea na kuhamishia M-Pesa tangu huduma hiyo ilipoanza 2018. Wengine hapa hutumia Payoneer au akaunti ya dola benki. Baadhi ya programu bado zinalipa kwa hundi: Amazon, kwa mfano, kwenye programu yake ya Marekani, ina kima cha dola 100 kwa anayetaka hundi na hukata dola 15 kwa kuituma. Na kampuni za Marekani kwa kawaida zitakutaka ujaze fomu ya W-8BEN ya kuonyesha kwamba wewe si mlipakodi wa kule. Ijaze mapema na kwa uangalifu, hasa sehemu ya kueleza kwamba kazi unaifanyia nje ya Marekani pale inapoulizwa. Tanzania, Kenya na Uganda hazina mkataba wa kodi na Marekani, kwa hiyo kodi ikikatwa kwenye fungu linalohesabiwa kuwa limetoka kule, hakuna punguzo la mkataba la kukimbilia.

Tofauti ipi inakubalika

Sisemi kila tofauti ni dhuluma. Spotify ilipoingia Tanzania na Kenya Februari 2021, ilikuja na bei ya chini kuliko ya Marekani, ikijua mifuko yetu. Huduma ya namna hiyo ikimlipa mwalikaji asilimia ya kilicholipwa, mwalikaji wa mteja wa hapa atapata kidogo, na sina ugomvi na hilo. Mambo ya dalali wa nyumba ni hayohayo: anachukua kodi ya mwezi mmoja, iwe chumba cha Pasua au nyumba ya Shanty Town, na hakuna anayelalamika kwamba chumba kimempa kidogo. Malalamiko yangeanza pale mwenye nyumba angesema, "Mpangaji uliyeniletea amelipa kodi kamili, lakini kwa kuwa katokea Kigoma nakupa robo."

Kwa sababu hiyo napenda programu za asilimia kuliko za kiasi maalumu. Asilimia ikiwa moja kwa wote, nchi inajipanga yenyewe kupitia bei. Amazon hupanga kamisheni kwa aina ya bidhaa, si kwa nchi ya aliyebofya. Ugumu wake uko kwingine, kwamba kila duka la nchi lina programu yake, na linki ya duka la Marekani haikulipi kwa aliyenunua duka la Uingereza usipoziunganisha. YouTube nayo, ingawa si programu ya mwaliko, inasaidia kuelewa: mtengenezaji wa video ndefu anapata asilimia 55 ya mapato ya matangazo awe Nairobi au New York. Watazamaji wa Nairobi huleta kidogo kwa sababu watangazaji wanawawekea dau dogo kwenye mnada wa matangazo. Unaweza kuulaumu mnada, lakini mgawanyo wenyewe ni mmoja. Na kuna zawadi zisizo na nchi kabisa. Dropbox kwa akaunti ya bure humpa aliyealika na aliyealikwa MB 500 kila mmoja, hadi mwalikaji afike GB 16, na nafasi hiyo ni ileile Tanga na Toronto.

Basi ukikuta kiwango cha chini, jiulize: je, mteja wa hapa analipa kidogo? Gharama ya kumhudumia ni kubwa zaidi? Kampuni imeandika sababu? Kwenye mfano wangu wa dola 72 jibu la kwanza ni hapana. Tena mteja wa Tanzania huenda akaona jumla kubwa zaidi, kwa sababu kampuni za nje zilizosajiliwa kwa ajili ya VAT huongeza kodi hiyo juu ya bei. Hiyo inakwenda TRA, haiingii kwao, kwa hiyo sitaihesabu upande wangu. Lakini hakuna anayeweza kusema mteja huyu ni wa bei rahisi.

Ukiwauliza, watakuja na hoja tatu, na kila moja ina jibu lake. Ya kwanza, kwamba watu wa huku hawana kadi. Mteja ambaye ujira wake tunaujadili ameshalipa, kwa hiyo hoja imekwisha palepale; na kadi pepe zipo, Safaricom na Visa walianzisha ya M-Pesa kwa Kenya mwaka 2022, na hapa Tanzania M-Pesa na Airtel Money nazo zimekuwa na za kwao. Ya pili, kwamba kuna udanganyifu: watu wanatumia kadi za wizi, benki inadai hela irudishwe, kampuni inapata hasara. Hili lipo na mtu mkweli hawezi kulikana. Lakini dawa yake inajulikana, ni kushikilia malipo ya mwalikaji siku 45 au 60 mpaka ionekane mteja ni wa kweli. Kushikilia kunamgusa kila mshirika kwa kiasi chake; kukata nchi nzima kunamwadhibu mwenye nyumba ya wageni wa Marangu kwa kosa la mtu asiyemjua. Ya tatu ndiyo nzito kidogo: kwamba wateja wa nchi fulani hawalipii mwaka wa pili, na kampuni ilitegemea miaka ya mbele ndiyo maana inatoa dola 50 kwenye mauzo ya dola 72. Hiyo ni biashara ya kweli. Basi walipe kwa awamu: nusu mteja anapojiunga, nusu anapolipia tena. Ikiwa wanaamini maneno yao hawana cha kupoteza.

Usijisaidie kwa VPN

Najua kuna video zinazofundisha kuwasha VPN ya Marekani, kujisajili mwenyewe kwa barua pepe nyingine na kujilipa dola 50. Usifanye. Kwanza ni wizi. Pili, utakamatwa: kadi, kifaa, saa ya simu na lugha ya simu vitatoa ushahidi, na akaunti itafungwa pamoja na salio halali. Tatu, TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, tangu Oktoba 2023 imeweka utaratibu wa kuandikisha matumizi ya VPN, kwa hiyo unaweza kujiongezea tatizo jingine nyumbani. Na kinachoniuma zaidi ni kwamba kila akaunti ya namna hiyo ndiyo inayotolewa mfano siku tukidai kiwango cha haki.

Weka kumbukumbu zako

Ukurasa wa akaunti yako utakuonyesha jumla ya mibofyo, waliojiunga, na hela. Programu nzuri inaonyesha pia kila mwalikwa amehesabiwa nchi gani. Ikiwa haionyeshi, omba ripoti hiyo. Wewe kwa upande wako weka daftari au jedwali kwenye simu: tarehe, aliyejiunga (tumia herufi zake za kwanza tu, taarifa za watu si za kuzagaa), nchi aliyopo kweli, alivyolipa, kiasi alicholipa, na tarehe ulipolipwa. Mwanafunzi wangu akimaliza kulipa namwomba ruhusa nipige picha ya skrini ya risiti yake, namba za kadi zikiwa zimefichwa. Kuna baba mmoja aliniuliza, "Mwalimu, hii risiti yangu unaipeleka wapi?" Nikamweleza palepale kwamba nalipwa kwa ajili yake na nataka kuhakikisha nimelipwa sawasawa. Akacheka, akasema basi nihakikishe.

Hilo la kumwambia ni la lazima. Unayemwalika ajue kwamba linki ina ujira ndani yake, na ajue kwamba bila linki bei ni ileile, kama kweli ni ileile. Mwambie kwa maneno mepesi kabla hajabofya: "Ukipitia hapa mimi napata kitu kidogo, wewe huongezewi." Na usimpeleke mtu kwenye huduma mbovu kwa sababu inalipa vizuri. Wateja wangu nitakutana nao sokoni, kanisani na kwenye misiba.

Picha ya jedwali la viwango nayo uihifadhi na tarehe yake. Majedwali hubadilishwa kimyakimya, na kampuni ikikuambia "kiwango kilikuwa hivi tangu mwanzo", picha ndiyo itakayozungumza.

Andika barua

Watu wengi hulalamika kwenye magrupu na kuishia hapo. Msimamizi wa programu ni mtu mwenye barua pepe, na mara nyingi ana mamlaka ya kumpa mshirika mmoja kiwango cha peke yake bila kugusa jedwali. Mimi huandika kwa Kiingereza kwa kuwa ndicho wanachosoma, lakini mpangilio wa hoja ni huu:

"Habari. Mimi ni mshirika wenu, namba ya akaunti yangu ni hii. Tangu Januari hadi Juni nimewaletea wateja sita. Wote wamelipa mwaka mzima, dola 72 kila mmoja, na hakuna aliyeomba kurudishiwa fedha. Nimelipwa dola 5 kwa kila mmoja kwa sababu wako Tanzania. Aliyeleta mteja wa Marekani kwa dola 72 hizohizo amelipwa 50. Naomba kuelezwa tofauti hii imetokana na nini. Kama ni hofu ya udanganyifu wa kadi, nakubali malipo yangu yashikiliwe siku 60. Kama ni kwa sababu wateja hawaendelei mwaka wa pili, nilipeni nusu sasa na nusu watakapolipia tena. Kama si moja ya hayo, naomba wateja waliolipa bei kamili wahesabiwe kiwango cha kundi la kwanza. Naomba pia kima changu cha kutoa kishuke hadi dola 25."

Angalia barua hiyo inavyofanya kazi. Haisemi "mnatubagua", ingawa moyoni unaweza kuwa unasema hivyo. Inaweka hela waliyopata mbele, halafu inawapa njia tatu za kukubali. Ombi la mwisho, la kima cha kutoa, ndilo jepesi zaidi kwao kulitekeleza, na kwako ndilo linaloweza kugeuza sifuri kuwa hela. Kampuni ile ya dola 5 ilinijibu baada ya wiki kadhaa: jedwali halikuguswa, ila waliolipa mwaka mzima walihamishiwa kundi la pili, dola 25, na kima changu kikashushwa. Sijaridhika na 25, na barua nyingine itakwenda wakati wa kulipia mwaka wa pili, nikiwa na orodha ya walioendelea. Kampuni nyingine haikujibu kabisa. Linki yake niliiondoa kwenye masomo yangu yote, na wanafunzi nikawaelekeza kwingine.

Mkiwa wengi, andikeni pamoja. Walimu wa tovuti wa Arusha, Moshi na Nairobi wakiweka namba zao kwenye barua moja, msimamizi ataona mauzo ambayo mmojammoja wetu hawezi kuyaonyesha.

Onyo fupi kuhusu "programu" zisizouza kitu

Ikiwa unatakiwa kulipa ili uanze kualika, na ujira unatoka kwenye viingilio vya unaowaleta, usipoteze muda kutafuta jedwali la nchi. Huo ni upatu, na kuuendesha ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu ya Tanzania. Waliokuwepo 2009 wanaukumbuka upatu wa DECI.

Ukinyimwa ujira, omba punguzo

Kuna njia moja ambayo naona washirika wengi hawaifikirii. Kampuni ikigoma kabisa kupandisha kiwango chako, iombe itoe kuponi ya punguzo kwa wateja wako, na wewe uache dola zako 5. Idara ya mauzo huona kuponi kuwa rahisi kuliko kubadilisha jedwali la washirika, kwa sababu kuponi huingia kwenye kampeni na jedwali huingia kwenye mkataba. Punguzo la asilimia 25 kwenye dola 72 ni dola 18 zinazobaki mfukoni mwa mteja. Mimi nalipwa ada ya kufundisha, kwa hiyo mwanafunzi aliyeokoa dola 18 ni mwanafunzi anayeniletea mwenzake, na hilo linanifaa kuliko salio lisilotoka.

Ukiomba kuponi, taja mambo matatu kwenye maombi: ifanye kazi kwa kadi pepe, isifungwe kwa IP ya nchi moja, na muda wake wa mwisho uwe mbali. Kwa hapa Moshi mimi huomba ifike hadi Novemba. Wageni wa mlimani huanza kumiminika Juni, na wenye nyumba za wageni hushika hela ya kulipia tovuti msimu ukishapita, si kabla.